Kutoka meza ya katibu mahsusi hadi meza ya kukandia unga: shajara ya mradi, Novemba 2023 hadi Februari 2025

Nilisomea uhazili Tabora, katika chuo ambacho sasa ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania, kisha kwa miaka 17 nikawa katibu mahsusi wa wakurugenzi watatu waliofuatana katika kampuni moja binafsi iliyoko Posta, Dar es Salaam. Miongoni mwa kazi zangu, nje ya barua, miadi na mihtasari ya vikao, ilikuwa kuagiza vitafunwa vya mikutano, na katika miaka yote hiyo sikupata mtu ambaye ningeweza kumwagiza leo kisha nikalala bila kumpigia simu alfajiri kumkumbusha. Vitafunwa vilifika wajumbe wakiwa wamekwisha kuondoka, au vilifika kwa wakati vikiwa vimepoa na kukakamaa. Mradi huu umetokana na pengo hilo: kuoka skonzi, maandazi na mikate kwa ajili ya vikao vya ofisi, na kuifikisha kabla ya kikao kuanza.

Naandika kwa ajili ya makatibu wenzangu wanaofikiria kubadili kazi. Naongeza sehemu kila hatua inapokamilika, na sifuti nilichoandika awali hata pale kilipothibitika kuwa kosa, kwa sababu mwenye kufuata nyayo anahitaji kuyaona makosa hayo kuliko anavyohitaji kuona mafanikio.

6 Novemba 2023: Hesabu ya kuondoka

Akiba niliyo nayo ni shilingi 6,400,000. Nyumbani, mume wangu hulipa kodi ya nyumba, nami hulipa chakula na mahitaji ya watoto, jumla ya shilingi 550,000 kwa mwezi. Nimetenga shilingi 3,300,000 kwa miezi 6 ya mahitaji hayo, na zinazobaki, shilingi 3,100,000, ndizo mtaji.

Kosa la kwanza nimelifanya kabla hata sijanunua unga. Katika makadirio yangu ya Septemba nilikuwa nimeingiza fedha mbili ambazo hazikuwa zangu. Ya kwanza ni fao la upotevu wa ajira la NSSF, ambalo nilidhani humhusu kila aliyekosa mshahara. Ya pili ni kiinua mgongo kinachotajwa katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi hadi miaka 10, ambacho kwa mshahara wangu kingezidi shilingi milioni 3. Nilipompelekea afisa rasilimali watu hesabu zangu, aliyasoma makaratasi yote mawili kwa utulivu, akavua miwani, akaniambia, "Mdogo wangu, hizi zote ni za anayeachishwa kazi. Wewe unaacha."

Nimeandika barua za kuachishwa watu kazi, nimechapa hesabu zao, na bado sikuwa nimeitazama tofauti hiyo kwa macho ya mtu inayemhusu. Kwa sababu hiyo nimesogeza tarehe ya kuondoka kutoka mwisho wa Novemba hadi mwisho wa Desemba, na muda uliobaki hadi hapo nitautumia kusoma kozi ya jioni ya uokaji ya wiki 6, kwa shilingi 250,000, mshahara ukiendelea kuingia. Anayesoma shajara hii akiwa bado kazini afanye hesabu yake kwa fedha iliyo mkononi tu.

31 Desemba 2023: Makabidhiano

Nimetoa taarifa ya siku 28 kama sheria inavyotaka kwa anayelipwa kwa mwezi, nimeandika taarifa ya makabidhiano ya kurasa 14, na nimeomba na kupewa cheti cha utumishi. Hatua hii haina mengi ya kusimulia kwa sababu ndiyo kazi niliyoizoea.

Jambo moja nalitaja kwa kuwa wenzangu wawili wameniuliza. Orodha ya wazabuni wa ofisi, pamoja na namba za simu za wajumbe wa bodi, sikuichukua. Katibu ni mtunza siri, na siri haimalizi muda wake siku unayorudisha kitambulisho. Wateja nitawatafuta kwa njia yangu mwenyewe, kuanzia kwa makatibu wa ofisi nyingine ambao tumefahamiana nje ya kazi.

20 Januari 2024: Oveni ya umeme

Nimenunua oveni ya umeme iliyotumika kwa shilingi 780,000, na fundi amenivutia waya wake wa pekee kutoka kwenye mita kwa shilingi 140,000. Ununuzi huu umekuwa kosa kwa namna mbili.

Namna ya kwanza niliijua na nikaipuuza. Mgao wa umeme umekuwapo tangu mwaka jana, na nilijipa moyo kwamba Tabata ninakoishi umeme hukatika mchana, ilhali mimi nitaoka alfajiri. Tarehe 11 Januari umeme ulikatika saa 10 alfajiri trei mbili zikiwa ndani kwa dakika 6. Skonzi zikabaki na ngozi juu na uji katikati, na hakuna namna ya kuziokoa zikifika hapo, kwa kuwa hata umeme ukirudi hazinyanyuki tena.

Namna ya pili sikuijua kabisa. Nyumba yetu ilikuwa katika kundi la watumiaji wadogo, ambao hulipa shilingi 122 kwa uniti mradi wasizidishe uniti 75 kwa mwezi. Oveni hii inakula kilowati 3, nami niliiwasha wastani wa saa 4 kwa siku, yaani uniti 12 kila siku. Siku ya saba tulikuwa tumeshavuka uniti 75, na LUKU tuliyonunua baadaye ilikuja kwa bei ya zaidi ya shilingi 350 kwa uniti, kwa nyumba nzima, pamoja na friji na pasi. Hesabu hii ingenichukua dakika mbili kabla ya kununua: kilowati za kifaa mara saa za matumizi. Nimeiuza oveni kwa shilingi 450,000, na waya umebaki ukutani.

10 Februari 2024: Oveni ya gesi

Mafundi wa eneo la SIDO, shirika la viwanda vidogo, huko Vingunguti wamenitengenezea oveni ya gesi ya ghorofa mbili kwa shilingi 1,250,000. Mitungi miwili ya kilo 15 pamoja na regyuleta na mipira imegharimu shilingi 240,000, na mtungi mmoja umekaa akiba muda wote.

Oveni ilikuja bila kipimajoto. Katika majaribio manne ya kwanza skonzi za nyuma ziliungua chini wakati za mbele zilikuwa bado nyeupe, nami nikadhani tatizo ni muda, nikawa napunguza dakika, nikaongeza, nikapunguza tena. Nilipoweka kipimajoto cha oveni cha shilingi 25,000 ndipo nilipoona kwamba mbele ni nyuzi 175 na nyuma ni 240. Skonzi zangu zinataka nyuzi 180 hadi 190. Hakuna dakika ambazo zingeweza kuziivisha pande zote mbili kwa pamoja.

Fundi alirudi, akalala chali, akatazama vichomeo kwa tochi, akaona kwamba moto unapiga moja kwa moja kwenye bati la chini upande wa nyuma. Aliweka bati la pili juu ya vichomeo, akaacha nafasi ya vidole viwili kati yake na la kwanza ili joto lizunguke kwanza kabla ya kupanda, na akatoboa matundu mengi zaidi upande wa mbele kuliko wa nyuma. Marekebisho hayo yamegharimu shilingi 95,000. Sasa tofauti ni nyuzi 15, nami naimaliza kwa kuzigeuza trei dakika ya 8. Anayeagiza oveni ya kutengenezwa ampe fundi sharti la kuipima joto katika pembe zote nne mbele yake kabla ya kumalizia malipo.

Mizani ya kidijitali, vipimajoto viwili na trei 16 vimegharimu shilingi 210,000. Meza ya chuma, ndoo zenye vifuniko na rafu ni shilingi 300,000.

2 Machi 2024: Unga unaoumuka kupita kiasi

Wiki tatu hizi zimekuwa ngumu kuliko zote, na nazieleza kwa kirefu kwa sababu sikuona popote palipoandikwa kwa Kiswahili.

Kozini tulifundishwa kwamba kinyunya huumuka kwa saa moja na nusu. Darasa lile lilikuwa na kiyoyozi. Jikoni kwangu, Februari, saa 9 usiku, kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 32. Baada ya dakika 50 kinyunya kilikuwa kimejaa ndoo, kikinuka kama togwa iliyochacha, na nilipokibonyeza kwa kidole kilishuka badala ya kurudi. Skonzi zake zilipanda vizuri kwenye trei, kisha zikanywea katika oveni, zikatoka zikiwa na mikunjo juu na ukakasi mdomoni. Nilipunguza hamira kwa nusu, zikawa nzito. Nilipunguza muda, zikapasuka pembeni.

Jibu limetoka kwa mwokaji mmoja mzee wa Ilala, ambaye alinitaka niache kuitazama saa na badala yake nikipime joto kinyunya chenyewe. Kinapomaliza kukandwa kinatakiwa kuwa na nyuzi 26 hivi. Changu kilikuwa na 34. Kitu pekee ninachoweza kukibadili joto lake kirahisi ni maji, na hesabu yake ni hii: chukua 26 mara 3, upate 78, kisha toa joto la jiko, joto la unga, na joto linaloongezwa na mkono au mashine wakati wa kukanda. Kwangu jiko ni 32, unga ni 31, na mkono wangu huongeza 8 hivi, jumla 71. Maji yanatakiwa kuwa na nyuzi 7. Mimi nilikuwa natumia maji ya bombani yenye nyuzi 29.

Tangu hapo nagandisha maji ya kunywa katika chupa kila jioni, nayapima kabla ya kuyamimina, na nimeuhamisha unga kutoka kwenye stoo iliyo chini ya bati hadi chumba cha ndani. Skonzi za leo zimetoka sawa kwa mara ya nne mfululizo. Niliposhika moja mkononi ikiwa ya moto, nikaibonyeza, ikarudi polepole ilivyokuwa, nilikaa juu ya ndoo kwa muda nikiitazama.

23 Machi 2024: Bei

Nimesajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa shilingi 20,000, nimebadilisha TIN niliyokuwa nayo kwa ajili ya leseni ya udereva iwe ya biashara, nimechukua leseni ya biashara, nimepima afya kama inavyotakiwa kwa anayeshika chakula, na bwana afya amelikagua jiko. Yote kwa pamoja shilingi 120,000.

Wateja wa kwanza ni ofisi tatu za makatibu tunaofahamiana. Nimeuza skonzi 1,140 kwa wiki tatu kwa shilingi 250 kila moja, nikiamini kwamba zaidi ya nusu ni faida, kwa sababu vitu vilivyomo ndani ya skonzi moja vinagharimu shilingi 101 tu. Hata hesabu hiyo ilikuwa imepanda kwa sababu ya sukari, ambayo imeadimika tangu mvua za El Niño, nami nainunua kwa shilingi 4,000 kwa kilo.

Jumamosi iliyopita nilizitoa risiti zote na kuzipanga mezani kama nilivyokuwa nikipanga za safari za mkurugenzi. Gesi ni shilingi 25 kwa skonzi. Boksi la skonzi 12 ni shilingi 600, yaani 50 kwa kila moja. Bodaboda kutoka Tabata hadi Posta ni shilingi 5,000 kwa safari ya skonzi 60, yaani 83. Jumla ni shilingi 259. Kila skonzi niliyouza ilinipotezea shilingi 9, na saa zangu za usiku sikuwa nimezihesabu hata moja.

Nilipokuwa ofisini niliwalipa watoa huduma wa vitafunwa kati ya shilingi 400 na 600 kwa kitu kama hiki, tena kilichochelewa. Bei hiyo ilikuwa mikononi mwangu miaka yote. Nilichokosa ni uthubutu wa kuitamka kwa mdomo wangu. Kwa miaka 17 nilisema "Mkurugenzi anaomba," "Mkurugenzi ameelekeza," na maneno hayo yalifungua milango. "Ninaomba shilingi 500" ni sentensi ambayo sikuwahi kuifanyia mazoezi. Niliiandika katika karatasi, nikaisoma kwa sauti jikoni, kisha nikapiga simu tatu kabla ya saa 3 asubuhi.

Ofisi moja imeacha. Mbili zimekubali, na mmoja wao aliuliza jambo moja tu: kama zitaendelea kufika mapema. Bei mpya ni shilingi 500, oda isiyopungua skonzi 60 kwa safari, na ahadi iliyoandikwa kwamba mzigo unafika dakika 45 kabla ya muda wa chai uliotajwa. Najua kikao cha saa 4 hunywa chai saa 5, na najua mhudumu anahitaji nusu saa ya kupanga sahani. Ahadi hiyo ndiyo bidhaa yangu hasa.

29 Juni 2024: Miezi mitatu kwa ufupi

Ramadhani, iliyoanza katikati ya Machi, ilipunguza oda za chai za ofisini karibu zote, na nilipaswa kulijua hilo mapema kwa kuwa nimepanga vikao vya miezi ya mfungo mara 17. Nilioka mikate ya futari kwa majirani na mambo yakaenda. Mwakani mwezi huo utakuwa katika makadirio.

Jumapili ya tarehe 12 Mei intaneti ilididimia nchi nzima baada ya nyaya za chini ya bahari kupata hitilafu, na oda zangu zote za Jumatatu zilikuwa katika WhatsApp. Sasa kila oda inayoingia kwenye simu nainakili siku hiyo hiyo katika kaunta buku, pamoja na namba ya simu ya mezani ya ofisi. Wiki hii nayo, mgomo wa wafanyabiashara wa Kariakoo ulioanza tarehe 24 ulinikuta na maboksi 11. Naweka akiba ya maboksi ya wiki mbili.

17 Agosti 2024: Daftari la hatimkato

Tangu Februari kila kinyunya nimekiandikia kumbukumbu katika daftari la hatimkato (maandishi ya alama fupi ambayo makatibu hujifunza), lile lenye waya juu, kwa sababu mkono wangu mmoja huwa na unga na hatimkato ndiyo njia ya haraka ninayoijua. Joto la maji, joto la unga, uzito, muda, matokeo: mistari minne na ukurasa umekwisha. Daftari hilo limenisaidia kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Mwezi Julai nimemwajiri binti wa dada yangu kwa shilingi 180,000 kwa mwezi. Ni mwepesi, msafi, na mkono wake wa kukanda ni mzuri kuliko wangu. Tarehe 7 Agosti nilisafiri kwenda msibani Tabora kwa siku nne, nikamwachia oda ya skonzi 180 na maelezo kwamba kila kitu kimo katika daftari.

Alinipigia simu saa 9 usiku. "Mamdogo, daftari nimelifungua, lakini sioni maneno, naona vijistari." Nilikuwa katikati ya watu, simu ikikatika, nikamwelekeza kwa mdomo, naye akaenda kwa kumbukumbu. Chumvi haikuingia. Alisema baadaye kwamba kinyunya kilikuwa laini na chenye kunata kuliko siku zote, na kiliumuka haraka, akadhani ni joto. Dalili hizo alizieleza sawasawa kabisa, kwa maana chumvi ndiyo inayoikaza kinyunya na kuizuia hamira isikimbie, lakini hakuna aliyekuwa amemfundisha kuzisoma. Ofisi ilirudisha skonzi zote, nami nikarudisha shilingi 90,000 na kupeleka nyingine bure siku ya kikao kilichofuata.

Alinisubiri kituo cha basi akiwa amevimba macho kwa kulia. Nilimwambia ukweli, kwamba kosa ni langu: kazi niliyoifanya kwa umahiri wangu wote nilikuwa nimeiandika kwa lugha ambayo ndani ya nyumba ile naijua mimi peke yangu. Ofisini jambo hilo lilikuwa sifa. Mkurugenzi mmoja alipenda kusema kwamba bila mimi ofisi haiendi, nami nilifurahi kulisikia. Katika biashara yangu sentensi hiyo ni hatari.

Sasa kuna kadi ukutani, imechapwa kwa herufi kubwa na kufunikwa nailoni. Kwa unga kilo 5: maji gramu 2,600, sukari 600, majarini 400, chumvi 75, hamira 60, hutoa skonzi 145 za gramu 60 kabla ya kuokwa. Chumvi hupimwa kwanza, ikawekwa katika kikombe chekundu juu ya unga, na hakuna anayeanza kukanda kabla kikombe hakijawa kitupu. Kumbukumbu za kila siku anaziandika yeye, kwa Kiswahili cha kawaida, nami nazisaini.

5 Oktoba 2024: Ankara

Leo nazidai ofisi saba jumla ya shilingi 1,160,000, na ankara ya zamani kuliko zote ina siku 74. Mauzo yanapanda, lakini mwezi uliopita nilikopa kwenye kikoba ili ninunue unga.

Nilipozitoa nakala za ankara zangu kuzipitia, niliona kwamba tano kati yake nimezitia saini hivi: *kny*, kisha jina la biashara. Kwa niaba ya. Mkono ulikuwa umeandika wenyewe kama ulivyozoea chini ya barua za watu wengine. Mhasibu wa ofisi moja alikuwa ameirudisha ankara kwa sababu hiyo hasa, akitaka mwenye biashara asaini mwenyewe, na barua yake ilikuwa imekaa kwa mhudumu wa mapokezi wiki mbili. Nimeziandika upya zote tano na kuandika jina langu kamili, na neno MMILIKI chini yake. Nilichukua muda kabla ya kuandika neno hilo.

Sababu nyingine za kuchelewa nilizijua kutoka upande wa pili wa meza, na ndizo nimezifanyia kazi. Ankara isiyo na namba ya LPO, yaani hati ya ofisi ya kuagizia bidhaa, haifiki kwa mhasibu. Ankara isiyoambatana na hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa hurudi chini. Katika ofisi nyingi malipo hupitishwa siku moja tu ya wiki, na karatasi inayofika siku inayofuata hungoja wiki nzima. Kwa hiyo sasa kabla ya kuoka naomba LPO, naomba jina na cheo cha anayepokea mzigo, na nauliza siku ya malipo. Bodaboda anarudi na hati yenye saini au harudi kabisa, na ankara inawasilishwa siku mbili kabla ya siku ya malipo. Mteja mpya hutanguliza nusu. Niliogopa kwamba masharti haya yatawafukuza, kumbe makatibu wameyapokea vizuri kuliko wote, kwa kuwa yanawapunguzia wao kazi ya kunitafuta.

Ofisi za umma nimeziacha kwa sasa. Manunuzi yao yanapitia mfumo wa NeST, na kujisajili humo kunahitaji nyaraka ambazo nitakuwa nazo hatua inayofuata ikikamilika.

14 Desemba 2024: Mashine ya risiti na alama ya ubora

Mauzo ya mwaka yamefika shilingi milioni 11, kiwango ambacho mfanyabiashara anatakiwa kutoa risiti za EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya kodi. Nimenunua mashine kwa shilingi 590,000 kutoka katika mauzo. Ofisi mbili ambazo zilikuwa zimekataa kununua bila risiti hiyo zimeagiza wiki hiyo hiyo. Kama ningeipata mwezi Julai, nadhani ingekuwa imerudisha gharama yake kufikia sasa.

Kwa TBS, shirika la viwango linalotoa alama ya ubora, nilikuwa nimekata tamaa bila kuuliza, nikidhani gharama za upimaji zitanishinda. Mjasiriamali mdogo aliyetambulishwa na SIDO hubebewa gharama hizo kwa miaka 3 ya mwanzo. Nimepata barua ya SIDO, nimejaza maombi, na wakaguzi wamefika. Wametaka nitenganishe mlango wa kuingizia malighafi na wa kutolea mikate, na niweke sinki la kunawia mikono peke yake. Wamesifu jambo moja: kumbukumbu za kila siku tangu Februari. Zile za miezi ya mwanzo, zilizo katika hatimkato, nimelazimika kuzichapa upya zote, kurasa 61, kwa mausiku matatu.

8 Februari 2025: Hesabu ya miezi 15

Hadi sasa mradi umekula shilingi 3,711,000, baada ya kutoa shilingi 450,000 za oveni iliyouzwa. Ndani yake, shilingi 751,000 ni za makosa: hasara ya oveni ya umeme 330,000, waya 140,000, marekebisho ya oveni ya gesi 95,000, na vinyunya vilivyotupwa 186,000, ambavyo nimevipima kimoja kimoja. Uzembe wa kudai sijaupa thamani ya fedha, lakini riba ya kikoba ninayo katika daftari.

Mauzo ya Januari yalikuwa shilingi 2,140,000. Malighafi 610,000, usafiri 370,000, vifungashio 190,000, mshahara 180,000, gesi 110,000. Zimebaki 680,000 kabla ya kodi. Mshahara wangu wa mwisho mkononi ulikuwa 1,150,000, kwa hiyo bado niko chini, na akiba ya nyumbani ilikwisha mwezi Septemba. Tangu hapo nyumba imeendeshwa kwa kubana matumizi na kwa msaada wa mume wangu. Naliandika hili waziwazi kwa sababu miezi 6 niliyojiwekea haikutosha. Mwenzangu anayepanga kuondoka ajiwekee miezi 12.

Kinachonizuia sasa ni mikono. Wawili hatuwezi kukanda zaidi ya kilo 20 kwa usiku na bado tukapeleka kwa wakati, na wiki iliyopita nimekataa oda mbili ili nisivunje ahadi ya dakika 45. Nimepewa bei ya mashine ya kukandia ya kilo 25 iliyotumika, shilingi 1,900,000, na fundi amekwenda kuipima inakula kilowati ngapi. Mashine huongeza joto kuliko mkono, hivyo itabidi hesabu ya maji ianze upya. Vipimo vyake nitaviandika hapa itakapofungwa.